Boti ya faiba na Yamaha ya 40 iliyotumika: anza na ubao wa nyuma

Ukisaka boti iliyotumika kati ya Lamu na Mtwara, mapema utaonyeshwa hii: bodi ya faiba ya futi 20 hadi 25, na nyuma Yamaha Enduro ya nguvu za farasi 40, ile ya kuvuta kamba na kuchanganya petroli na oili. Ni jozi nzuri. Mashine haina kompyuta, na mafundi wanaoijua wapo mpaka visiwani. Naipendekeza kwa masharti mawili: faiba iwe nzima, na mnunuzi awe na mahali pa kuivuta nchi kavu penye maji baridi ya kuioshea. Likikosekana moja kati ya hayo, hata bei ya kutupa ni ghali.

Wanunuzi wengi hukimbilia mashine. Mashine huweza kubadilishwa. Ubao wa nyuma unaoibeba ndio wenye hasara kubwa. Ndani ya faiba pale mna plaiwudi, na tundu za bolti zisipozibwa sawasawa maji hupenya taratibu. Mbao zinaoza huku nje kukiwa na rangi mpya. Gonga kwa mpini wa nyundo ukisogea sentimita chache chache: palipo pazima hulia kavu, palipooza hutoa mlio mzito uliofifia. Kisha shika mashine chini, karibu na propela, uisukume juu na chini huku mwenzako akitazama ubao. Ubao ukicheza, au maji meusi yakichuruzika kwenye bolti, usikubali maneno ya kupaka resini juu. Faiba ya ndani lazima ikatwe, mbao zote zitolewe, ziwekwe tabaka mbili za plaiwudi ya baharini ya milimita 18, kisha mkeka wa faiba urudishwe. Gharama hiyo yote iondolewe kwenye bei, ama uondoke.

Tazama na mkuku, yaani uti wa chini wa boti. Boti inayoburutwa mchangani kila maji yakipwa hulika hapo kwanza, na nyuzi za faiba zikionekana ujue inanyonya maji. Iache ielee tupu: ikikalia tezi (upande wa nyuma) kuliko kawaida ilhali ngama, pale chini yanapokusanyika maji, ni kavu, povu la kuelea chini ya sakafu limelowa.

Mashine uikute baridi. Ikiwa imeshapashwa moto kabla hujafika, rudi siku nyingine, kwa sababu ugumu wa kuwaka huonekana asubuhi. Iwashe ndani ya pipa la maji: ndani ya sekunde chache maji ya kupozea yatoke kwa nguvu, na baada ya dakika tano yawe vuguvugu tu. Yakitoka kwa kudondoka, impela ya pampu imelika kwa mchanga au njia zimezibwa na chumvi. Impela ni raba ndogo ya bei nafuu, ila ikipuuzwa huunguza gasketi na pistoni hukwama.

Kisha pima kompresheni, yaani mgandamizo ndani ya silinda, plagi zote zikiwa nje na mkono wa mafuta umezungushwa mpaka mwisho. Geji hutofautiana, kwa hiyo linganisha silinda na silinda: tofauti ikizidi asilimia 10, acha.

Legeza skrubu ya chini ya giaboksi. Oili nyeupe kama maziwa maana yake oili sili imepitisha maji, mara nyingi kwa sababu ya nailoni ya mshipi iliyojizungusha kwenye shafti. Ukiona vipande vya chuma, gia zimekwisha. Oili mpya hujazwa kutoka tundu la chini mpaka itokee la juu. Hufungwa la juu kwanza.

Matunzo yake ndiyo haya: kila ukirudi, maji baridi dakika kumi (onja kwanza, visima vingi vya ufukweni vina chumvi). Kila saa 100 au miezi sita, oili ya giaboksi na grisi. Impela kila mwaka. Zinki, kipande cha madini kinachowekwa ili kiliwe na chumvi badala ya mashine, ibadilishwe ikibaki nusu, na isipakwe rangi kamwe, maana ikipakwa, chumvi itakula mashine badala yake. Ukikimbiza mwendo wote, itakunywa petroli takriban lita 18 hadi 20 kwa saa, na kila lita 25 hutaka nusu lita ya oili yenye alama ya TC-W3. Oili ya pikipiki huacha masizi magumu kwenye plagi na pistoni.

Anayebeba abiria kutwa nzima afikirie mashine ya mipigo minne, isiyochanganywa oili kwenye petroli. Ni nzito na ina mambo mengi zaidi ya kuharibika, lakini akiba ya petroli itamlipa. Mvuvi au familia ya safari chache haihitaji.

Mwisho, namba iliyo kwenye kibao cha mashine ilingane na ya kwenye hati, na cheti cha ukaguzi cha mamlaka ya vyombo vya majini kiwe hai: TASAC kwa Tanzania Bara, ZMA kwa Zanzibar, KMA kwa Kenya. Kibao kikiwa kimebanduliwa, usilipe hata arubuni.