Gombo langu la milima: mchoro mzuri, gundi mbovu

Gombo hili, yaani mchoro wa Kichina wa kutundika, uliozungushiwa hariri na wenye mti wa kukunjia chini, limekaa ukutani kwangu, hapa Beijing, mwaka mzima na ushee, kwa hiyo naweza kulizungumzia. Nililinunua kwenye duka moja la mtaa wa Liulichang kwa yuan 650. Ni mchoro wa shanshui, yaani milima na maji, wa wino mweusi kwenye karatasi ya xuan, ile ya mkoa wa Anhui inayotengenezwa kwa maganda ya mti wa qingtan na mabua ya mpunga. Umechorwa kwa mkono kweli: ukisogeza jicho karibu unaona wino ulivyotambaa kwenye nyuzi, wala huoni vile vidoto vya mashine ya kuchapa.

Raha yake ni kulifungua. Unatundika ugwe kwenye msumari, unaliachia polepole. Kinatangulia kilele, unafuata ukungu, ambao si rangi bali karatasi iliyoachwa tupu, na chini kabisa, kando ya mto, mtu na punda wake, wote wawili wadogo kuliko ukucha wa kidole changu cha mwisho. Guo Xi, mchoraji wa China ya kale aliyechora "Masika ya Mapema" mwaka 1072, alifundisha namna tatu za kuutazama mlima: kutoka chini kwenda juu, kutoka mbele kupenya hadi nyuma, na kutoka mlima wa karibu kwenda wa mbali. Kwenye langu nimeziona mbili.

Novemba mabomba ya joto yalipowashwa, hewa ya chumbani ilikauka. Kingo zikajikunja, na kiputo kikavimba juu ya kilele. Fundi mmoja mzee alilibonyeza akaniambia mchoro umebandikwa kwenye karatasi ya nyuma kwa mashine, kwa gundi inayoyeyushwa kwa moto. Gundi ya asili ni ya unga wa ngano; ukiilowesha inaachia, na mchoro unabandikwa upya hata baada ya miaka mingi. Hii yangu kuibandua ni kuuhatarisha mchoro wenyewe. Dukani waliniapia kazi yote ni ya mkono, na hilo limeniuma.

Kwa hiyo uliza gundi kabla hujauliza bei. Bora zaidi, nunua mchoro mtupu, bila hariri wala mti wa chini, umpelekee fundi. Wa pili nimenunua hivyo. Sasa uko kwake, umebandikwa ubaoni unakauka, na kaniambia nisirudi kabla ya wiki tatu.