Prozorro.Sale: mnada wa mali ya serikali usioficha mnunuzi

Mahali pengi, ukiuliza serikali imemuuzia nani kiwanda au jengo lake bovu, unaambiwa uandike barua usubiri. Prozorro.Sale, mfumo wa minada ya mtandaoni wa Ukraine ulioanza 2016 kwa kuuza mali za benki zilizofilisika, unakujibu hapo hapo. Nyota nne kati ya tano.

Siri yake ni lini majina yanatoka. Kila mshiriki huweka dhamana na dau lake la kwanza kwa siri, kupitia jukwaa lililoidhinishwa. Zinafuata raundi tatu: mwenye dau dogo hutangulia, mwenye kubwa hufunga, na wakati wote huo skrini inaonyesha namba za washiriki tu. Ni vigumu kujua umpigie nani simu ajitoe. Mnada ukiisha majina yote hufunguka, ya walioshindwa pia. Hayo ya walioshindwa ndiyo matamu: kampuni inayojitokeza kila mara pamoja na mshindi yule yule, bila kupandisha dau hata kidogo, huenda ni msindikizaji tu.

Kumfuatilia mnunuzi, fungua kumbukumbu za mnada, nakili namba ya usajili ya kampuni, tarakimu 8, uiingize kwenye daftari la kampuni. Usitafute kwa jina. Likihamishwa kutoka herufi za Kisirili, zinazotumika Ukraine, kila mtu analiandika kivyake. Hapa ndipo nyota ya tano inapopotea: mnada unakupa kampuni, mmiliki manufaa (mtu halisi anayefaidika nayo) hayumo humo, inabidi umtafute kwenye daftari hilo la kampuni, na nyuma yake kukiwa na kampuni ya nje ya nchi uzi unaweza kukatika.

Usibabaike pia na "bei imepanda mara kumi". Katika ubinafsishaji mdogo (mali za hadi milioni 250 za hryvnia, sarafu ya Ukraine) bei ya kuanzia hutokana na thamani ya vitabuni, yaani iliyoandikwa kwenye hesabu, ambayo kwa jengo la zamani ni kama bure. Mali ikikosa mteja, bei hiyo hukatwa nusu kwenye mnada wa marudio, na mshiriki akiwa peke yake anaweza kuuziwa. Kwa hiyo hesabu washiriki kwanza.

Halafu shuka hadi chini ya ukurasa wa mnada uone kama mkataba umeambatishwa. Mshindi anaweza kukataa kusaini, akapoteza dhamana, na mali ikarudi sokoni.