Kibanda cha magazeti na kahawa, Lamu mjini

Kahawa chungu ni safi. Kashata ngumu mno. Kinachovuta watu ni nakala ya Katiba ya 2010, imefungwa kwa uzi mezani. Mzozo wa fedha za kaunti ukizuka, fungua Kifungu cha 203: kaunti zote kwa jumla hupata angalau asilimia 15 ya mapato yanayokusanywa na serikali ya kitaifa, lakini hesabu hufuata mapato yaliyokaguliwa na kuidhinishwa na Bunge la Taifa. Idhini ikichelewa, asilimia hupigwa kwa takwimu kuukuu. Wa serikali hujisifu, wa upinzani hulalama. Wote wameruka neno "yaliyokaguliwa". Habari za nje ni dhaifu: Gaza na Ukraine hubishaniwa kama mechi. Magazeti huvushwa kwa boti, basi usiende alfajiri.