Nyama ya baisani Maine na New Hampshire: ununue wapi, na uombe kipande gani

Tuanze na jina, maana ndilo linalowapoteza wengi. Mnyama huyu ni baisani. Wamarekani wengi humwita "buffalo", na hata wafugaji wenyewe huandika hivyo kwenye vibao vya barabarani, lakini hana uhusiano na mbogo wetu wa Mikumi au Virunga zaidi ya ukoo wa mbali. Wala si nyati-maji wa Asia, yule ambaye maziwa yake Waitalia hutengenezea jibini ya mozzarella. Mnunuzi anapaswa kulijua hili kwa sababu nyama ya nyati-maji nayo huuzwa Marekani, na neno "buffalo" peke yake kwenye pakiti halikuambii umeshika ya nani. Tafuta neno "bison". Ukikuta "beefalo", huyo ni chotara wa ng'ombe na baisani, ambaye kwa kawaida ana sehemu tatu tu kati ya nane za damu ya baisani. Nyama yake si mbaya, ila usiilipie bei ya baisani kamili. Na mabawa ya Buffalo ni kuku mtupu. Yamebeba jina la mji wa Buffalo, New York, yalikoanzia mwaka 1964. Shemeji yangu alipohamia mji huo aliletewa menyu akauliza: tangu lini nyati akaota mabawa?

Mimi naishi Lewiston, Maine. Hapa na kule Portland tumejaa kiasi: Wakongo, Warundi, Wanyarwanda, Wabantu wa Somalia, na sisi Watanzania wachache. Malalamiko yetu kuhusu nyama yanafanana. Ng'ombe wa supamaketi ni laini, ana mafuta, na hana ladha. Ukichemsha supu yake unapata maji ya moto yenye mafuta juu. Baisani aliyekulia majanini ndiye mnyama wa hapa aliyenirudishia ladha ya ng'ombe wa kienyeji, yule aliyetembea. Nyama yake ni nyekundu iliyokolea, haina michirizi ya mafuta ndani, na supu yake ina uzito. Bei yake nayo ina uzito, ndiyo maana naandika.

Kosa ninaloliona kila mara ni hili: mtu anasikia baisani, anakwenda dukani, ananunua steki. Nami nilifanya hivyo. Nililipia steki mbili pesa ambayo ingenilisha wiki nzima, nikazikaanga kama tunavyokaanga nyumbani, hadi ziive kabisa zisionyeshe wekundu, zikakauka kama soli ya kandambili. Steki ya baisani haina mafuta ya kuiokoa. Imetengenezewa mtu anayekula nyama ikiwa bado nyekundu katikati, na wengi wetu hatuli hivyo. Sisi tunachemsha, tunaunga, tunapika kwa nazi au nyanya. Vipande vinavyotufaa ndivyo ambavyo Mmarekani anaviacha chini ya friza, na huuzwa kwa bei ya chini kuliko steki. Mpangilio wangu hapa chini unafuata hesabu hiyo.

Nafasi ya kwanza: duka la shambani

Wafugaji wa baisani wametawanyika kaskazini mashariki yote: yupo mwenye shamba na duka lake Warner, New Hampshire, linaloitwa Yankee Farmer's Market, yapo mashamba Rutland kule Massachusetts na Goshen, Connecticut. Kutoka Lewiston hadi Warner ni zaidi ya saa mbili kwa gari, kwa hiyo hii si safari ya Jumanne jioni. Piga simu kabla hujawasha gari. Maduka haya ni madogo, saa zao hubadilika kwa msimu, na kipande unachokitaka kinaweza kuwa kimekwisha hadi mnyama mwingine achinjwe. Karibu kila kitu kinauzwa kikiwa kimegandishwa ndani ya plastiki iliyonyonywa hewa, kwa hiyo beba boksi la barafu, hata kama nje kuna theluji. Ndani ya gari umewasha hita.

Faida ya duka la shambani ni kwamba unaongea na mtu anayemjua mnyama. Muulize mambo matatu. Alikula nini miezi ya mwisho? Baisani wengi wa Marekani humaliziwa kwa nafaka, wengine hukaa majanini hadi mwisho, na tofauti utaionja: wa majani ana ladha nzito na mafuta ya manjano kidogo. Alikuwa na umri gani? Wa miaka miwili hivi ndiye wa kawaida. Jike mzee ni wa supu na kusaga tu. Na la tatu, ambalo Wamarekani hawalizoei, kwa hiyo sema pole pole huku ukitabasamu: una mkia? Una ulimi, moyo, maini, muundi, mifupa?

Hapo ndipo safari inapolipa. Muundi uliokatwa pamoja na mfupa, upikwe saa tatu kwa moto mdogo au dakika hamsini kwenye presha, unatoa uboho na mchuzi ambao mama mkwe wangu, mtu wa Mpwapwa asiyesifu ovyo, alinyamaza akaongeza ugali. Mbavu fupi vilevile. Kidari ni kizuri kwa pilau kwa sababu hakisambaratiki.

Halafu kuna nundu. Msomaji wa kwetu hahitaji kuelezwa nundu ya ng'ombe ni kitu gani, lakini ya baisani usiitegemee iwe na mafuta kama ile ya zebu. Ndani yake mna mifupa mirefu iliyosimama kutoka uti wa mgongo, na nyama yake ni misuli inayobeba kile kichwa kikubwa. Kwa hiyo ni ngumu, na kwa hiyo ni tamu, ikipewa muda. Wenyeji wa nyanda za katikati ya Marekani waliihesabu pamoja na ulimi kuwa vipande vya heshima. Si kila shamba linaikata peke yake; wengine huitupia kwenye nyama ya kusaga. Ukiagiza mapema utawekewa.

Ukienda na watoto, washike mkono. Baisani anaonekana mzito na mzembe, lakini dume hufika kilo 900 na bado anakimbia kama kilomita 55 kwa saa. Katika hifadhi ya Yellowstone hakuna mnyama aliyejeruhi watu wengi kuliko yeye. Uzio si mahali pa kuegemea ukapigwa picha.

Nafasi ya pili: nyama ya kusaga ya supamaketi

Usicheke. Kama unataka kujaribu tu, hapa ndipo pa kuanzia. Supamaketi kubwa nyingi huuza baisani wa kusaga kwenye pakiti ya paundi moja, yaani gramu 454, kwa bei ambayo mara nyingi ni karibu mara mbili ya ng'ombe wa kusaga. Kadi ya EBT, ile ya msaada wa chakula wa serikali, inapita bila swali, jambo ambalo maduka mengine ya mashambani hayawezi. Nyama yenyewe aghalabu inatoka mbali, magharibi au Kanada, kwa hiyo usidhani unamsaidia mkulima jirani.

Kwa sambusa sijaona nyama bora. Ng'ombe wa kusaga huachia mafuta, manda inalowa, inapasuka ndani ya karai. Baisani hukauka vizuri pamoja na kitunguu, pilipili manga na giligilani, na manda inabaki kavu. Ukitengeneza mchuzi wa tambi au kababu, ongeza kijiko cha mafuta mwanzoni, vinginevyo itashika sufuria. Nyama ya kusaga iive hadi nyuzi 71 za Selsiasi katikati, ambazo kwenye pimajoto za hapa ni 160. Rangi isikudanganye, kwa sababu nyama inaweza kuwa ya kahawia kabla haijaiva. Steki, kama bado unaing'ang'ania, ni nyuzi 63, yaani 145, kisha uiache dakika tatu kabla ya kuikata.

Nafasi ya tatu: kuchanga mnyama

Wafugaji wengine huuza robo au nusu ya mnyama kwa bei moja ya kila paundi, steki na mifupa pamoja. Kwa familia moja ni nyingi mno: robo inaweza kupita paundi mia, na unahitaji friza kubwa linalofunguka juu, si lile la juu ya jokofu. Lakini sisi tunajua kuchanga. Familia nne zenye kundi moja la WhatsApp zinaweza kugawana robo. Tuligawana hivyo msimu mmoja wa vuli, na ugomvi haukuwa wa pesa bali wa nani achukue ulimi. Andikeni mgao kabla nyama haijafika.

Uzuri mwingine wa kuchanga ni kwamba mnamwelekeza mchinjaji namna ya kukata. Waambieni wazi: mifupa isitupwe, muundi ukatwe vipande, mafuta ya figo yawekwe kando. Msiposema, mtapokea vipande vikubwa vya kuoka na mlima wa nyama ya kusaga.

Sasa jambo la halali, maana ndugu zetu Waislamu wananiuliza kila mara. Baisani mwenyewe ni mnyama anayekula majani, na jinsi yake haina tatizo. Tatizo ni kuchinjwa. Baisani hafugiki akawa mpole kama ng'ombe, hataki kufungwa, na wafugaji wengi humpiga risasi akiwa bado malishoni au akiwa machinjioni. Kwa hiyo nyama ya supamaketi au ya mtandaoni isiyo na cheti usiihesabu kuwa halali, hata muuzaji akikuambia ni ya asili, safi, haina dawa. Njia iliyobaki ni kuchanga mnyama mzima na kukubaliana na mfugaji na machinjio kabla ya siku yenyewe, imamu akiwapo. Inawezekana, lakini ni kazi ya miezi.

Nafasi ya nne: soko la wakulima

Nzuri ukiwa tayari upo hapo kwa ajili ya mboga. Mfugaji huja na maboksi mawili ya barafu, na ndani yake mna vile Mzungu anavyovipenda: steki, soseji, nyama ya kusaga, nyama iliyokaushwa. Bei ni ya shambani, uchaguzi si wa shambani. Itumie kupata kadi yenye namba ya simu, kisha uagize mifupa ya Jumamosi ijayo. Masoko mengi ya Maine yanapokea EBT kwenye meza ya mapokezi, ambako unapewa vibao au tokeni za kumlipa mkulima.

Nafasi ya tano: mtandaoni

Ipo chini kwa sababu ya gharama ya kusafirisha. Nyama inakuja na barafu kavu kwa usafiri wa haraka, na kwa oda ndogo nauli inaweza kukaribia bei ya nyama yenyewe. Mimi iliwahi kunifikia Ijumaa ikiwa imeachwa mlangoni kutwa nzima, imelainika, damu imejaa sandukuni. Nikapiga picha, nikaandika, nikarudishiwa pesa baada ya kubembeleza. Ukiagiza, agiza Jumatatu, uwe nyumbani siku ya kupokea, na ukusanye oda za majirani ili nauli igawanyike. Inafaa kwa anayeishi Aroostook, kaskazini kabisa mwa Maine, ambako shamba lenye duka ni safari ya siku nzima.

Popote utakaponunua, angalia pakiti. Sheria ya shirikisho inalazimisha ukaguzi wa ng'ombe, mbuzi, kondoo na nguruwe, lakini baisani hayumo katika orodha hiyo. Mkaguzi wa serikali huja kwa hiari ya mwenye nyama na kwa malipo yake. Ndiyo maana alama yake ya ukaguzi wa hiari ni ya pembetatu badala ya duara. Ukiiona, vizuri. Usipoiona, uliza alichinjwa wapi. Maneno "haina homoni" yasikupandishie bei: hakuna baisani anayeruhusiwa kupewa homoni za kukuza nchini Marekani, kwa hiyo muuzaji anayejisifia hilo anajisifia kutii sheria.

Mgahawani sijakuweka kwenye orodha. Baga ya baisani utaipata katika miji mingi ya watalii, itagharimu zaidi ya ya ng'ombe, na chini ya jibini, bekoni na sosi hutatofautisha. Ukiagiza, waambie wasiipitilize.

Mimi Oktoba hii naenda Warner kabla theluji haijaanza, na nimeshampigia simu muuzaji aniwekee mikia miwili. Aliniuliza naipikaje. Nikamwambia: kwa ndizi mbichi, nazi na muda. Akacheka, akasema mwaka jana kuna mama mwingine mwenye lafudhi kama yangu aliyechukua mifupa yote.