Safari ya Engare Sero: nyayo ni za kweli, bei ni ya kuuliza mara mbili

Nilinunua safari hii ya siku mbili katika ofisi moja ya utalii hapa Arusha, nikaahidiwa kwamba tungeona nyayo za kale za binadamu zilizo Engare Sero, kusini mwa Ziwa Natron, chini ya mlima wa volkano wa Ol Doinyo Lengai, na kwamba bei ilijumuisha kila kitu. Tulipofika kwenye kizuizi cha kwanza baada ya Mto wa Mbu, dereva alituomba tuchange ushuru, na tukachanga tena mara mbili kabla ya kufika. Hema lilikuwa safi. Chakula kilikuwa cha kawaida.

Nyayo zenyewe zinastahili vumbi lote lile. Zipo zaidi ya 400, zilizokanyagwa katika tope la majivu ya volkano ambalo baadaye lilikauka na kuwa jiwe, na umri wake unakadiriwa kuwa kati ya miaka 5,000 na 19,000. Dereva, ambaye ofisi ilimwita mwongozaji, alitaja umri huo kisha akarudi kivulini. Aliyetufungua macho ni kijana wa kijijini. "Mama, pita huku, usikanyage ukingo," aliniambia, kisha akaeleza kwamba mwanakijiji mwenzao ndiye aliyeziona kabla watafiti hawajapata habari. Alituonyesha njia za watu 17 waliokwenda upande mmoja, ambao watafiti waliwakadiria mwaka 2020 kuwa wanawake 14, wanaume wawili na mvulana mmoja, pengine wakitafuta chakula pamoja. Yeye huwaona kama akina mama wanaotoka kuchota maji, na nakiri kwamba nami sasa siwezi kuwaona vingine.

Nilipomuuliza malipo yake, alisema kutoka ofisi ile hupata bahashishi ya wageni tu. Hapo ndipo ninapopunguza alama, kwa sababu ofisi hiyo hujitangaza kwa jina la Jiopaki ya Ngorongoro-Lengai, yaani eneo la urithi wa miamba na ardhi lililotambuliwa na UNESCO mwaka 2018, ilhali msingi wa jiopaki yoyote ni kwamba wenyeji washiriki katika uendeshaji na wanufaike na urithi wao.

Anayetaka kwenda adai orodha ya ushuru wote kwa maandishi, na afike kwenye nyayo asubuhi mapema, kabla jua halijawa kali. Mimi nikirudi nitapanda basi la Loliondo linalopita Engare Sero, nishukie kijijini na kumlipa kijana yule mkononi.