Uzoefu wangu na spika za JBL CBT 70J-1: benchi la mwisho linasikia mahubiri

Kanisa letu hapa Mwanza ni refu na jembamba, paa la bati. Kutoka ukuta wa spika hadi benchi la kwanza ni mita kama 3, hadi la mwisho ni mita 24. Miaka yote tulitumia spika mbili za kawaida juu ya stendi, moja kila upande wa madhabahu. Wanakwaya waliokaa mbele walilalamika kuumwa kichwa, na huku nyuma bibi zetu hawakuambulia kitu. Fundi mitambo akiongeza sauti, maiki inapiga mluzi.

Hesabu yenyewe inaeleza tatizo. Sauti ya spika ya kawaida hupungua desibeli 6 (kipimo cha ukubwa wa sauti) kila umbali unapokuwa maradufu: 3 hadi 6, 6 hadi 12, 12 hadi 24. Hizo ni desibeli 18 zimepotea njiani. Mwangwi wa ukumbi hufidia sehemu ya pengo hilo, ila mwangwi hauna maneno ndani yake.

Sasa tumefunga CBT 70J-1 mbili ukutani, spika ndefu nyembamba za kampuni ya JBL. Kila moja ina urefu wa sentimita 70 hivi, na ndani kuna vispika 16 vya inchi 1 kwa sauti nyembamba za juu na vinne vya inchi 5 kwa sauti nzito za chini. Ukiitazama kwa ubavu utaona kwa nini ina J kwenye jina: juu imenyooka, chini imepinda. Vispika vya sehemu ya juu iliyonyooka vinaelekea pamoja, nguvu yao inajumlishana na kufika mbali. Vile vya kwenye pindo kila kimoja kinaangalia kwake, kwa hiyo nguvu inatawanyika kwa watu walio karibu, ambao hawahitaji nyingi. Ni kama kumwagilia bustani kwa mpira: ukibana mdomo kwa kidole maji yanafika mwisho wa shamba, ukilegeza yanamwagika miguuni.

Kuna faida nyingine ambayo wauzaji wengi hawaielezi. Spika ndefu iliyonyooka kabisa hubana sauti za juu ziwe mwali mwembamba, ukiinuka tu kitini herufi kama s na f zinabadilika. Pindo linasaidia mwali ubaki na upana ule ule kwa sauti nyingi, hasa vispika vya kwenye ncha za safu vikipunguzwa nguvu taratibu kuliko vya katikati. Nadharia hiyo ilitoka kwenye utafiti wa jeshi la Marekani kuhusu vyombo vya sauti chini ya maji, na mhandisi wa spika Don Keele ndiye aliyeileta kwenye spika za ukumbini.

Kufunga kunataka umakini, na hapa ndipo naomba msiharakishe. Dada aliyetufungia alilaza kalamu ya leza kwenye ile sehemu iliyonyooka, akainamisha bano kidogo kidogo mpaka nukta nyekundu ikatua juu ya egemeo la benchi la mwisho. Ikielekea juu zaidi ya hapo, inapiga ukuta wa nyuma na kurudi kama mwangwi. Tulipomaliza, mzee wa kanisa alisoma Zaburi huku mimi natembea kutoka madhabahuni hadi mlangoni. Sauti ilipungua kidogo sana, na kila neno lilikuwa zima. Siku hizi fundi anaendesha ibada kwa sauti ndogo kuliko zamani, na mluzi hatujausikia tena.

Mjue mipaka yake pia. Urefu wa sentimita 70 unaweza kuongoza mawimbi ya sauti yanayolingana nao au mafupi zaidi, yaani kuanzia kama hezi 500 (mitetemo 500 kwa sekunde) kwenda juu. Chini ya hapo sauti inasambaa kila upande, kwa hiyo mhubiri mwenye sauti nzito bado anaamsha mwangwi kidogo. Tulipunguza sauti za chini za maiki yake kwenye miksa, ikatosha. Kwa ngoma na gitaa la besi mtahitaji sabwufa, spika ya sauti nzito. Na mvua ikipiga bati, hakuna spika itakayowasaidia, wekeni dari.

Kwa ukumbi wa mita 8 au 10 nisingetumia pesa hii, spika ya kawaida ikiwekwa juu na kuinamishwa inatosha. Kwa kanisa, msikiti au bwalo refu la shule, ninazipendekeza kwa moyo wote.