Laptopu ya mtumba haina CD, hela yako ianzie wapi?

Wakuu, wiki iliyopita mdogo wangu kanipigia toka Moshi, kanunua HP EliteBook 840 G1 ya mtumba huko Double Road, anasema kaka hii kitu inachukua dakika nne nzima kuwaka na yule jamaa hajanipa hata CD ya window, sasa naipigaje upya? Nikacheka, maana hiyo laptopu hata pa kuingizia CD haina. Ila swali lake nakutana nalo sana huku Arusha, mtu ana laptopu ya zamani na hela ya mawazo, akiingia dukani anauziwa chochote kilichopo kwenye kabati la kioo. Kwa hiyo napanga hapa jinsi mimi ningetoa hela yangu, kuanzia ya kwanza.

Ya kwanza ni SSD, ile diski ya kisasa ya kuhifadhia, wala sio RAM (kumbukumbu ya muda ya kufanyia kazi) kama mafundi wengi wanavyokimbilia. Hadi diski (hard disk) ya kuzunguka inasoma kama MB 100 kwa sekunde, SSD ya SATA (aina ya kiunganishi) inafika 500 na kitu, lakini hata hiyo sio sababu kubwa. Sababu kubwa ni kwamba ile diski ya zamani ina kichwa kinachohangaika huku na kule kutafuta vifaili vidogo vidogo, na window ikiwa inawaka inavitaka kwa maelfu, ndio unasikia kr kr kr halafu mauzi tu. SSD haina kinachozunguka ndani. GB 256 inatosha mtu wa kawaida. Chukua ya inchi 2.5 kama laptopu yako inatumia hiyo, na zile ndogo kama kipande cha chingamu zinazoitwa M.2 usinunue kabla hujafungua laptopu ukaona, maana kuna za SATA na kuna za NVMe, kiunganishi kingine, kwa macho zinafanana sana na dukani hawarudishi hela. Hiyo diski ya zamani usiitupe, itafutie kava la USB inakuwa ya kuhifadhia picha.

Ya pili ni flashi, na hii inanunuliwa siku moja na SSD kwa sababu SSD mpya inakuja tupu kabisa. GB 8 ndio ya chini, mi nasema chukua 16 au 32 ya kampuni inayojulikana. Nilishapigwa mimi hapa mjini, flashi imeandikwa GB 64 ndani ni 8, na window inakatikia katikati ya safari unabaki unalaumu laptopu. Kuna kaprogramu kanaitwa H2testw, kanaijaza flashi yote na kukwambia ukweli. Ukishapata flashi nzuri, kwenye kompyuta ya rafiki shusha window toka kwa Microsoft wenyewe, ni kama GB 5 au 6 kwa hiyo jipange na bando, halafu programu inaitwa Rufus inakuandalia flashi ya kupigia window. Kii ya window (namba ya leseni) usiogope: laptopu nyingi zilizotoka na Windows 8 kuja juu kii imo kwenye bodi yenyewe, na kama Windows 10 ilishawahi kuwa activated kwenye hiyo mashine, ukipiga toleo lile lile, Pro kwa Pro au Home kwa Home, ikiingia tu intaneti inajikumbuka. Za Windows 7 kii ipo kwenye stika chini au penye betri, ila tangu 2023 Microsoft hawakubali tena kii za Windows 7 na 8 kufungulia 10 au 11. Na kabla hujaanza weka draiva ya Wi-Fi (programu inayoiendesha) kwenye flashi hiyo hiyo, utanishukuru.

Ya tatu sasa ndio RAM. Kama una GB 4 peleka 8, na mbili za 4 ni bora kuliko moja ya 8 kama nafasi zipo mbili. 840 G1 inakula RAM aina ya DDR3L, ile L ina maana, ni ya volti 1.35, na DDR4 haiingii hata ukisukuma. RAM ya mtumba nunua bila wasiwasi, haichakai kama betri.

Betri naweka ya nne japo najua umeme wetu. Kwanza andika powercfg /batteryreport kwenye ule ubao mweusi wa amri, linganisha uwezo wa kiwandani na ilichobaki nacho. Ikiwa imebaki nusu unaweza kuvumilia. Betri "orijino mpya" ya laptopu ya miaka kumi na kitu mi siiamini, imekaa kwenye boksi muda wote huo nayo inazeeka humo humo, bora ya kopi yenye waranti ya kuandikwa kwenye risiti. Pesti ya kupoza prosesa na kupuliza vumbi ni hela ndogo, kiangazi cha huku feni zinajaa tifutifu, fanya tu.

Ya mwisho kabisa, nisingenunua hata kwa bei chee, ni CD za window za kuuzwa mkononi na kile kidude cha nje cha kusomea CD. Hujui kilichochomekewa humo.

Ila pigeni hesabu. Windows 10 Microsoft waliacha kuihudumia tarehe 14 Oktoba 2025, na Windows 11 rasmi inataka Intel kizazi cha 8 kwenda juu, kwa hiyo 840 G1 ambayo ni kizazi cha 4 haipo kwenye orodha. Kwa kuandika, kusoma na YouTube ipige Linux Mint, mfumo mwingine badala ya window, ni bure na flashi ni ile ile. Lakini kama SSD, RAM na betri kwa pamoja vinakaribia bei ya laptopu ya ThinkPad T480 ya mtumba, ambayo nyingi ni kizazi cha 8, acha, dunduliza uchukue T480.

Dogo nimemwambia betri asubiri. SSD na flashi yenye Mint nimempakilia kwenye basi la asubuhi, juu ya bahasha nimemwandikia kwa peni kubwa: bonyeza F9 ikiwa inawaka, uchague flashi.